Iache AI ikuulize wewe: mwongozo kamili wa kupiga msuli kwa maswali kama unarisiti au unasoma mwenyewe

Wadau habari zenu. Huu mwongozo nauandika hasa kwa wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, yani unarisiti (unarudia mtihani), au uliacha shule kitambo na sasa unataka cheti, huna darasa, huna mwalimu wa kukuuliza kitu, unachonacho ni simu, bando la kuungaunga na desa uliloazima kwa mtu. Wa kidato cha tatu na cha nne walioko shuleni nao wataokota kitu humu.

Mi nilirisiti Kemia na Hesabu. Mwezi wa kwanza AI, yani zile programu za akili bandia kama ChatGPT, niliitumia vibaya kabisa, na naona watu wengi ndo wanavyoitumia hivyohivyo. Nilikuwa naandika "nifafanulie mole concept", inanishushia maelezo marefu yamepangwa vizuri, nasoma huku natikisa kichwa, eeh nimeelewa, eeh hii rahisi, nahamia topiki nyingine. Baada ya siku nne nakaa na pasti pepa, kalamu mkononi, hakuna kitu. Kichwa cheupe. Na iliniuma kweli kwasababu muda nilikuwa nimeutoa, nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kila siku.

Shida ni kwamba kuelewa wakati unasoma na kuweza kuandika mwenyewe ni vitu viwili tofauti. Hili limeshapimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, wengine wakavirudia kuvisoma, wengine walisoma mara moja kisha wakafunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, 81% kwa 75%. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojiuliza walikumbuka 56% na waliorudia kusoma 42%. Sasa mtihani wako haupo baada ya dakika 5, upo Novemba.

Kwahiyo kitu kikubwa kwenye mwongozo huu ni hiki: usiifanye AI iwe mwandishi wako wa notsi, ifanye iwe mtu anayekuuliza na kukungoja ujibu. Mengine yote hapa chini ni namna ya kuifanya hiyo kazi ikae vizuri.

KABLA HUJAFUNGUA SIMU

Tafuta vitu vinne: silabasi ya somo lako, kitabu kimoja cha kiada unachokiamini, pasti pepa za miaka mitano hivi, na daftari kubwa. Pasti pepa na fomati za mitihani zipo kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), na vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu Tanzania inaviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni, ukipata mtu mwenye waifai shusha vyote siku moja umalize.

Silabasi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. AI imesoma vitu vya dunia nzima, haijui wewe unaishia wapi. Ukiiuliza tu kuhusu muundo wa atomu inaweza kukupeleka mpaka mambo ya chuo kikuu, unatoka hapo umechanganyikiwa na unajiona huna akili, kumbe kwenye mtihani wako hata hayapo. We chukua silabasi, andika vipengele vya ile topiki kama vilivyo, halafu ubandike kwenye chati.

Kuhusu ipi utumie: ChatGPT, Gemini, Claude, DeepSeek, yoyote ile ya bure inatosha kwa kazi hii. Usilipie kwanza. Siku hizi zingine zina kabisa mfumo wa kujifunzia, ChatGPT waliuweka Julai 2025 na Gemini Agosti mwaka huohuo, ukiuwasha inakuuliza badala ya kukupa jibu. Ukiuona utumie, lakini agizo zuri la kuandika mwenyewe linafanya kazi ileile kwenye yoyote.

Na bando sasa, maana ndo swali la kwanza kila nikimwelekeza mtu. Maandishi hayali bando, jibu refu la ukurasa mzima ni kilobaiti chache tu. Kinachokula ni picha, picha moja ya karatasi kwa kamera ya simu inaweza kufika MB 3 au 4, pamoja na kuongea kwa sauti na zile video zinazojifungua zenyewe kwenye app nyingine ukiwa unasoma. Kwahiyo swali liandike kwa vidole. Na kuliandika kwenyewe kunakulazimisha ulisome neno kwa neno, mi niligundua nusu ya makosa yangu nilikuwa sisomi swali vizuri.

AGIZO LA KWANZA

Fungua chati mpya kwa kila topiki, chati ikiwa ndefu sana inaanza kusahau ulichoiambia mwanzo. Halafu bandika hili agizo, libadilishe liendane na somo lako:

"Wewe ni mwalimu wangu wa Kemia. Mimi najiandaa na mtihani wa kidato cha nne Tanzania. Topiki ya leo ni hii, na vipengele vyake kwenye silabasi ni hivi: [bandika]. Niulize swali moja tu kwa wakati mmoja, kisha usubiri nijibu. Usinipe jibu. Nikikosea, niulize swali dogo la kunionesha nilipoteleza, na ukinipa vidokezo vitatu bado sijapata ndipo unieleze. Anza na rahisi, ongeza ugumu nikipata mawili mfululizo. Usinisifie. Jibu langu likiwa nusu sahihi sema ni nusu, na useme kilichopungua."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Ile ya "swali moja kwa wakati mmoja" ukiiacha itakumwagia maswali kumi kwa mpigo na wewe utachagua mepesi. Ile ya "usinipe jibu" inabidi uirudie mara kwa mara katikati ya mazungumzo, AI ina hamu ya kusaidia, ukionesha kuhangaika kidogo tu inakupa kila kitu. Na ile ya kusifiwa usiichukulie poa. Hizi programu zinapenda kukuambia "vizuri sana, umeelewa kabisa" hata umeandika nusu jibu, na mtu anayesoma peke yake ana kiu ya kuambiwa vizuri, najua, lakini anayesahihisha Novemba hakujui.

Kuna jaribio nafanya kila nikianza topiki, napachika jibu la uongo makusudi. Nasema mfano magnesiamu ikiungua inatoa hidrojeni. Ikinikubalia, najua hiyo chati ni laini, naifunga naanza nyingine na agizo kali zaidi.

JIBU KWENYE DAFTARI KWANZA

Hapa ndo wengi wanaporuka, tafadhali usiruke. Swali likija, weka simu kifudifudi mezani, jibu kwa kalamu kwenye daftari, ukimaliza ndo unaichapa. Mtihani unaandikwa kwa mkono, mkono usipozoea utaandika polepole na utakosa muda, na pia kwenye simu unajaribiwa kuchungulia juu kwenye maelezo yaliyopita.

Neno "sijui" lifute. Andika hata kubahatisha. Ukibahatisha ukakosea halafu ukasahihishwa, kile kitu kinakaa, ukisema sijui na ukapewa jibu linapita kama upepo.

Ngoja niwaoneshe swali moja lilivyokwenda na mdogo wangu, yeye anarisiti mwaka huu. Swali lilikuwa: sm³ 25 za sodiamu haidroksaidi zilimalizwa na sm³ 20 za asidi ya salfuriki ya 0.1 M, tafuta molariti (mole ngapi kwenye lita moja) ya sodiamu haidroksaidi. Akakokotoa fasta: 20 × 0.1 ÷ 25 = 0.08 M. Akatuma. Hapa ungeomba tu jibu ingekuletea hesabu yote na yeye angesema "aah kumbe" akaendelea na maisha. Lakini kwasababu agizo lilikuwa lile la juu, ikamuuliza:

"Umeandika mlinganyo wa mmenyuko kabla ya kukokotoa?"

Hakuwa ameandika. Akarudi kwenye daftari: 2NaOH + H₂SO₄ → Na₂SO₄ + 2H₂O. Akausawazisha mwenyewe, ilimchukua muda kidogo. Ikamuuliza tena:

"Kwa mlinganyo huo, mole 1 ya asidi inahitaji mole ngapi za NaOH?"

Nikamuona kaweka kalamu chini, kashika kichwa, "kaka, ni mbili". Akaanza upya bila kuambiwa: mole za asidi ni 0.1 × 0.02 = 0.002, mole za NaOH ni mara mbili yake yani 0.004, gawa kwa 0.025, molariti ni 0.16 M. Jibu lake la kwanza lilikuwa nusu kamili ya jibu sahihi, na sasa anajua kwanini lilikuwa nusu. Toka siku hiyo kila swali la taitresheni anaanza na mlinganyo, hata mimi nikimpa la mdomo. Maswali mawili madogo yalifanya kazi ambayo kurasa tatu za notsi zilishindwa.

LUGHA: ELEWA KWA KISWAHILI, JIBU KWA KIINGEREZA

Hili naliweka peke yake maana linawaumiza watu wengi kimyakimya. Shule nyingi za msingi tunasoma Kiswahili miaka yote, ukiingia sekondari masomo yanageuka Kiingereza, na kuna mtu anajua kabisa maji yanavyopanda kwenye mmea lakini kwenye pepa anapata sifuri sababu hawezi kuyapanga maneno. Huyo sio mjinga, amekosa mtu wa kumvusha, na kwenye kuvusha AI inasaidia sana.

Nafanya hivi. Raundi ya kwanza naiambia iniulize kwa Kiswahili nijibu kwa Kiswahili, mpaka niwe na uhakika nimeelewa kitu chenyewe. Raundi ya pili maswali yaleyale yaje kwa Kiingereza kama ya mtihani na nijibu kwa Kiingereza changu kilekile kibovu. Kisha naandika: "Usiniandikie upya jibu langu. Nioneshe maneno ambayo msahihishaji angeyatafuta na mimi sijayatumia, na sentensi moja tu yenye kosa linalobadilisha maana." Naandika upya mwenyewe. Ukiiruhusu ikuandikie utapata aya nzuri isiyo yako, na kwenye chumba cha mtihani haitakuwepo.

Zingatia pia yale maneno ya amri kwenye swali. Kutaja, kueleza, kutofautisha na kujadili ni vitu vinne tofauti na alama zake ni tofauti. Iambie ichukue kitu kimoja, mfano upumuaji, ikuulize kwa amri zote nne, utaona jibu lako linavyotakiwa kurefuka au kufupika. Kwenye kutofautisha watu wengi wanaeleza A yote halafu B yote, wakati inatakiwa hoja kwa hoja, A hivi lakini B vile.

IGEUZE: WEWE NDO MWALIMU

Ukishajibu maswali kama kumi na tano ya topiki, iambie: "Sasa wewe ni mwanafunzi wa kidato cha pili, hujui kitu kuhusu hili. Mimi nakufundisha. Niulize pale nisipoeleweka, na useme ukiona nimeruka hatua." Hii ni nzuri mno kwa Biolojia na Fizikia. Utajishangaa, kitu ulichodhani unakijua kinakatika katikati unapofika kwenye "kwasababu". Pale palipokatika ndo pa kwenda kusoma kwenye kitabu.

INADANGANYA, TENA KWA KUJIAMINI

Naomba hapa usome taratibu. AI haitafuti ukweli kwenye kabati ikakuletea, inatunga maneno yanayofuatana vizuri, mara nyingi yanakuwa kweli na mara nyingine yanakuwa uongo uliovaa suti. Haisiti, haionei aibu.

Mimi moja iliwahi kuniambia mkataba wa Heligoland ulisainiwa 1886. Uongo. Huo ni wa 1890, wa 1886 ni mwingine, ule Waingereza na Wajerumani walipogawana bara na kumwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili 10. Ona ilivyo hatari, mwaka wenyewe ni wa kweli na upo kwenye topiki hiyohiyo, ndo maana huwezi kushtuka. Siku nyingine niliiomba maswali ya pasti pepa ya mwaka fulani, ikaniletea yenye namba kabisa na alama kwenye mabano, nikaenda kufungua pepa halisi hakuna hata moja. Ilikuwa imeyatunga. Kwahiyo pasti pepa zitoe kwenye pepa zenyewe, uichapie wewe, usiiombe.

Kwenye somo la Kiswahili nenda nayo kwa tahadhari zaidi. Kwenye ngeli na uambishaji inateleza, na methali inaweza kukutungia ambayo hakuna bibi yeyote aliyewahi kuisema. Uhakiki wa tamthiliya na riwaya usiutoe huko kabisa, inachanganya wahusika. Soma kitabu chenyewe, halafu uiambie ikuulize kuhusu ulichoandika wewe.

Kuhakiki mi natumia njia tatu. Miaka, majina, fasili na kanuni, lazima kitabu cha kiada, hakuna njia ya mkato. Hesabu, narudia kwa kalkuleta na kuangalia vizio, ukipata molariti ya 40 kwenye maabara ya shule ujue kuna kitu. Na nikiwa na shaka nafungua chati mpya kabisa nauliza upya bila kuonesha jibu la mwanzo, majibu yakigongana naenda kwa mtu. Usiulize "una uhakika?" kwenye chati ileile, inaweza kukuomba msamaha na kubadilisha hata jibu lililokuwa sahihi.

Michoro nayo usiitegemee, mchoro wa moyo au wa saketi chora kwa kutazama kitabu. Na praktiko haifanyiki kwenye simu, tafuta kituo au shule wakuruhusu ushike byureti kwa mikono yako.

DAFTARI LA MAKOSA NA RATIBA

Kila ulichokosea kiandike kwenye kurasa za nyuma za daftari, mstari mmoja mmoja: swali, nilichojibu, kwanini nilikosea. Hiyo "kwanini" ndo dhahabu. Ukikusanya makosa thelathini utaona hayana sababu thelathini, zipo kama nne hivi. Zangu zilikuwa kutosawazisha mlinganyo, kusahau kubadili sm³ kuwa lita, kusoma swali nusu, na kuchanganya oksidisheni na ridaksheni.

Kisha yarudie kwa kuachia nafasi. Mjerumani Ebbinghaus alionesha toka 1885 kwamba tunasahau haraka zaidi mwanzoni, kwahiyo kosa la leo liulizwe kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki, halafu baada ya wiki mbili. Usitegemee AI ikukumbushe hiyo ratiba, andika tarehe pembeni ya kosa. Siku ikifika chapa yale makosa na useme: "Niulize haya kwa kubadilisha namba na maneno, na uyachanganye." Kuchanganya ni muhimu, kwenye mtihani hakuna mtu wa kukuambia hili ni la topiki gani.

Kwa siku, saa moja na nusu inatosha kama una kazi nyingine: dakika 15 makosa ya zamani, 20 kitabu, 45 maswali, 10 kuandika makosa mapya. Wenye watoto au biashara gaweni asubuhi na usiku, haina shida.

PEPA NZIMA, BILA SIMU

Kila wiki mbili fanya pepa nzima kwa masaa matatu, simu iwe chumba kingine. Ukimaliza, ndo uiombe AI ikusaidie kusahihisha, ila usiiambie tu "nipe alama", itakupa za huruma. Kwanza andika wewe mwenyewe kutoka kwenye kitabu hoja zinazotakiwa kwa kila swali, ubandike hoja hizo pamoja na jibu lako, useme "toa alama kwa hoja zilizopo hapa tu, isiyokuwepo ni sifuri". Kisha linganisha na madaraja: C inaanzia 45, B 65, A 75. Ukiwa unazunguka 47 usijione umefika, lenga 60 na zaidi kwenye mazoezi ili siku mbaya ikuachie C yako.

Ukituma majibu yako usiweke namba ya mtahiniwa, namba ya NIDA wala jina la kituo. Havihitajiki kwa lolote.

Wiki ya mwisho kabla ya pepa usifungue topiki mpya. Asubuhi soma daftari la makosa kwa sauti, mchana chagua maswali matano humo uyafanye kwa kalamu, jioni mpigie mtu mnayerisiti naye muulizane kwa mdomo dakika ishirini. Usiku wa kuamkia pepa andaa kalamu mbili, rula, kalkuleta kama somo linaruhusu, na kile kikaratasi chako cha utambulisho, halafu ulale mapema.